Trela ya Kubebea Pijo, Kutoka Likoni Hadi Waa

Je, wajua kwamba trela ya kwanza ya kubebea magari iliundwa ili gari jipya lisichakae kabla halijamfikia mnunuzi? Mwaka 1898 Alexander Winton, mtengenezaji wa magari katika mji wa Cleveland, Marekani, alikuwa na wateja waliokaa mbali na kiwanda. Kuwapelekea magari kwa kuyaendesha kulikuwa na hasara: barabara mbovu zilikula raba na injini njiani. Akaunda jukwaa lenye magurudumu kwa nyuma, mbele akaliegemeza kwenye gari la kuvuta, na gari la mteja likapandishwa juu. Shabaha yake ndiyo ileile ya mwenye gari la zamani leo: kitu chenye magurudumu kifike mahali bila kuyatumia magurudumu yake.

Huku pwani ya kusini ya Kenya, gari la zamani linalotajwa kwanza ni Pijo, yaani Peugeot. Peugeot 504 ziliunganishwa nchini Kenya hadi mwaka 2004, na zile ndefu za familia zilibeba abiria wa masafa kabla ya matatu za Nissan kuzifukuza barabarani. Kabla ya 504, Peugeot 404 ilikwisha kujijengea jina kwenye mashindano ya magari ya Safari. Ilishinda mwaka 1963 ikiwa na Nick Nowicki na Paddy Cliff, katika mwaka ambao magari saba tu yalifika mwisho. Ikashinda tena 1966 na 1967 mikononi mwa Bert Shankland na Chris Rothwell, na 1968 Nowicki na Cliff wakarudia ushindi wao. Mwaka 1975 zamu ikawa ya 504, Ove Andersson akiwa kwenye usukani. Kumbukumbu hizo zina uzito kwa mwenye gari. Tena sheria ya Kenya hairuhusu gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane kuingizwa kwa njia ya kawaida ya biashara, kwa hiyo Pijo nzima iliyomo nchini haina mbadala wa kuagizwa kirahisi kutoka ng'ambo. Ndiyo maana mtu yuko radhi kuifuata ilikolala, haina breki, raba zimepasuka, na kuileta nyumbani kwa fundi.

Tuseme nyumbani ni Waa, na gari liko kisiwani Mombasa. Umbali kutoka Likoni haufiki hata kilomita 20. Hapo ndipo wengi hukosea hesabu. Husema safari ni fupi, basi trela yoyote itafaa. Lakini ufupi wa njia hauondoi mitihani yake, huirundika pamoja. Ndani ya saa moja trela itashuka kwenye kivuko, itapanda, itaruka matuta, itakata kona kuingia njia ya mchanga baina ya minazi, na itavuta hewa ya chumvi mwanzo hadi mwisho. Trela inayofaa huchaguliwa kwa kuitazama njia hiyo, hatua kwa hatua.

Kwanza gari lenyewe. Pijo 504 ya familia ina urefu wa mita 4.80 na uzito wa karibu kilo 1,300. Mercedes-Benz 220SE, aina iliyompa John Manussis ushindi wa Safari mwaka 1961, ni ndefu kidogo zaidi, karibu mita 4.9. Magari ya Kimarekani ni jambo jingine kabisa. Chevrolet Impala ya mwaka 1959 ina mita 5.36 kwa urefu, zaidi ya mita 2 kwa upana, na mkia mrefu unaoning'inia nyuma ya magurudumu. Trela yenye sakafu ya mita 5 huipokea Pijo vizuri, ikabaki nafasi ya kuisogeza mbele au nyuma. Impala haiingii humo, na mwenye kuilazimisha ataacha buti lake likichungulia nje.

Sasa kivuko. Kila mvuvi wa Waa na Tiwi anaijua kalenda ya bahari: mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua, na katikati yake huja maji mafu. Siku za bamvua tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3 hapa Mombasa. Feri hupanda na kushuka pamoja na maji, lakini mteremko wa zege wa Likoni haubanduki ulipo. Maji yakipwa sana, gari hushuka mteremko mrefu, kisha hukuta mlango wa feri na sakafu yake vimelala kwa pembe nyingine. Pembe hiyo ndiyo huumiza trela ndefu.

Hesabu yake inafaa kufanywa kwa kalamu kabla ya kununua chochote. Trela ikianza kupanda kutoka sakafuni mwa feri, pua yake huinuka na mkia wake huinama. Mkia wenye mita 1.8 nyuma ya gurudumu la mwisho, mteremko ukibadilika kwa nyuzi 10, hushuka sentimita 31. Kama sakafu ya trela iko sentimita 45 kutoka chini, na chini yake kumefungwa rampu za chuma zinazoning'inia sentimita 15, basi chuma kimeshagusa chuma. Mbele nako, gurudumu dogo la kuegeshea lililo kwenye mkono wa trela ndilo hukwaruza kwanza, na likisahauliwa chini linapinda palepale. Kwa hiyo mkia uwe mfupi, rampu zichomeke ndani ya sakafu badala ya kuning'inia, na gurudumu la kuegeshea liweze kupandishwa hadi juu kabisa. Mwenye nafasi ya kuchagua siku na achague siku za maji mafu, au saa ambazo bahari iko katikati.

Kuna njia nyingine. Barabara ya Dongo Kundu humtoa mtu Miritini ikamvusha kwenye madaraja juu ya mikono ya bahari hadi Kibundani, jirani na Ng'ombeni, bila kugusa feri. Ni mzunguko kwa anayetoka kisiwani, na mafuta huenda zaidi. Hata hivyo kwa Impala au gari lolote lenye tumbo la chini, mzunguko huo ndio njia sahihi. Mteremko wake hautegemei mwezi.

Jambo linalofuata ni zito kuliko yote, nalo ni mahali uzito unapokaa. Trela hukamata tufe la chuma lililo nyuma ya gari linalovuta. Sehemu ya uzito wa trela lazima ilikalie tufe hilo. Ukiwa mdogo mno, au ukigeuka kuwa wa kuinua, trela huanza kupepesuka: mkia huenda kushoto, kisha kulia, kisha kushoto kwa nguvu zaidi. Katika mwendo wa chini kupepesuka huko hufa kwenyewe. Mwendo ukipita kiwango fulani, kila mpepeso huongeza unaofuata, na gari la mbele huvutwa mkia mpaka dereva anapoteza usukani. Trela ileile, yenye mzigo uleule, inaweza kuwa tulivu kabisa au kuwa hatari kwa sababu tu ya mahali gari liliposimamishwa juu yake.

Kiasi kinachotakiwa kina maoni mawili. Ulaya hupendekeza tufe likaliwe na asilimia 5 hadi 7 ya uzito wote wa trela na mzigo wake. Marekani husema 10 hadi 15. Kwa Pijo ya kilo 1,300 juu ya trela ya kilo 700, jumla ni kilo 2,000. Asilimia 7 ni kilo 140, asilimia 10 ni kilo 200. Kwa barabara ya Likoni hadi Ukunda, yenye matuta na matatu zinazokatisha ghafla, kukaa baina ya viwango hivyo viwili kuna busara, mradi usizidi uzito ulioandikwa kwenye bamba la chuma cha kuvutia.

Na si kazi ngumu kuupima. Mizani ya chini inayopimia magunia ya korosho au mbata inatosha: trela isimame mahali tambarare ikiwa na gari juu yake, mkono wake ukalie kigogo kilichosimamishwa katikati ya mizani, kwa kimo kilekile cha tufe, kisha isomwe. Nambari ikiwa ndogo, gari husogezwa mbele. Kama kutoka kwenye tufe hadi katikati ya ekseli ni mita 4, kuisogeza Pijo kwa sentimita 10 tu hubadilisha uzito huo kwa zaidi ya kilo 32. Upana wa kiganja cha mkono, na tabia ya trela nzima imebadilika. Fundi akishapata mahali panapofaa, achomelee kizuizi cha magurudumu ya mbele hapohapo sakafuni, ili safari ya pili isiwe ya kubahatisha.

Gari lenye injini mbele, kama Pijo na Mercedes, hupandishwa likitangulia pua. Volkswagen ya kobe, iliyoshinda Safari miaka ya 1954, 1957 na 1962, ina injini nyuma. Porsche 911 pia, na ndilo gari ambalo Björn Waldegård alishindia Safari ya magari ya zamani mwaka 2011. Hizi hupandishwa kinyumenyume, au husogezwa mbele sana. Trela yenye sakafu fupi iliyokatwa kwa kipimo cha Pijo moja haitoi nafasi hiyo, na hapo mwenye magari mawili ya aina tofauti hujuta.

Ekseli ziwe mbili. Ekseli moja ni nyepesi, hugeuka kwa urahisi kwenye ua mdogo, na bei yake huvutia. Lakini raba ikipasuka kwenye ekseli moja, trela huanguka upande mmoja pamoja na gari la watu. Ekseli mbili hubaki zimesimama, na hupunguza kupepesuka. Gharama yake huonekana kwenye kona: raba zote nne haziwezi kufuata duara moja, kwa hiyo hukwaruza chini. Kwenye njia ya mchanga ya kuingia nyumbani zitachimba mifereji, na anayevuta atahitaji kuzungusha kwa upana. Huo ni usumbufu wa dakika chache.

Breki hazina mjadala. Toyota Prado ya kizazi cha 150 imekadiriwa kuvuta hadi kilo 3,000 ikiwa trela ina breki zake. Isiyo na breki, kiwango hushuka hadi kilo 750, yaani uzito wa trela tupu na kidogo juu. Tofauti hiyo ya mara nne inaeleza kila kitu. Nyingi za trela ndogo zitokazo Ulaya zina breki za kusukumana, na utaratibu wake ni wa kupendeza kwa urahisi wake. Gari la mbele likipunguza mwendo, trela husukuma. Msukumo huo huingiza ndani fimbo iliyo kwenye kichwa cha mkono, fimbo huvuta kebo, kebo hufungua viatu vya breki ndani ya dramu. Trela hujifunga breki kwa uzito wake yenyewe, bila waya wala kompyuta. Fimbo hiyo inahitaji grisi, na kebo zinahitaji kukaguliwa, maana kebo iliyoganda kwa kutu huacha breki bila kazi, na dereva hajui mpaka siku ya kuhitaji.

Pale pale kwenye kichwa cha mkono kuna mtego mdogo unaowapata wanunuzi wa mitumba. Tufe la Ulaya lina kipenyo cha milimita 50. La Kimarekani la inchi 2 lina milimita 50.8. Kwa macho ni kitu kimoja. Kichwa cha Ulaya hakikai sawasawa juu ya tufe la Kimarekani, na kichwa cha Kimarekani kwenye tufe la Ulaya lililokwisha kulika kina nafasi ya kuruka kwenye tuta. Nambari hupigwa muhuri kwenye chuma. Isomwe kabla fedha hazijatolewa, na minyororo miwili ya usalama ifungwe kwa kupishana chini ya mkono, ili ukichomoka udakwe kabla haujachimba lami.

Upana wa sakafu huleta uamuzi ambao hauna jibu moja. Trela zilizo na magurudumu pembeni hukaa chini, na gari hupanda bila kuhangaika. Zile za Kimarekani za aina hiyo huwa na nafasi ya kama mita 2.1 kati ya madigadi na madigadi. Impala yenye upana wa mita 2.03 huingia, lakini mlango haufunguki. Dereva aliyeipandisha amefungwa ndani mwa gari. Trela zenye sakafu juu ya magurudumu huacha milango wazi, ila gari hukaa juu, na upepo wa kusi ukipiga ubavu kwenye daraja refu, kila sentimita ya kimo huhesabiwa. Kwa Pijo, ambayo ni nyembamba, sakafu ya chini hushinda bila wasiwasi. Kwa Mmarekani mpana, sakafu ya chini pia, lakini yenye madigadi ya kufungua na winchi mbele.

Winchi si anasa kwa gari ambalo halijawashwa miaka mingi. Sakafu yenye kimo cha sentimita 60 na rampu ya mita 2 hutoa mteremko wa nyuzi 17 na nusu. Pijo ya kilo 1,300 juu yake huhitaji mvuto wa kilo 390 kupambana na mteremko peke yake, na raba zisizo na upepo au breki zilizoshika huongeza mzigo huo maradufu. Rampu ya mita 3 huteremsha pembe hadi nyuzi 11 na nusu, mvuto ukashuka hadi kilo 260, na bampa ya nyuma haiburuzi. Nguvu iliyoandikwa kwenye winchi ni ya mzingo wa kwanza wa kebo, ule unaogusa kigurudumu. Kwenye mizingo ya juu nguvu hiyo huzidi kupungua. Winchi ya kuvuta tani 2 haina ziada ya ajabu hapa.

Likishapanda, lifungwe magurudumu. Gari la zamani la pwani mara nyingi limeliwa chini, na mkanda uliofungwa kwenye chesisi yenye kutu unaweza kung'oka na kipande cha chesisi. Mikanda ya kuzunguka raba, mmoja kila pembe, hulishika gari chini na kuziacha springi zake zicheze kwenye matuta. Baada ya kama kilomita 5, kabla ya kufika Ng'ombeni, dereva asimame akaze tena, kwa sababu raba hukaa upya na mikanda hulegea. Mikanda iliyopauka kwa jua haifai kitu, hata ikionekana nzima.

Halafu chumvi. Trela nyingi zinazochomelewa na mafundi wa jua kali hutumia bomba la pembe nne, kwa kuwa ni jepesi na hunyooka. Hewa ya bahari huingia ndani ya bomba kupitia tundu la boli au mahali ambapo uchomeleaji haukuziba. Rangi hulinda nje tu. Kutu hula kutoka ndani, na siku bomba linapokatika, upande wa nje bado unang'aa. Afadhali chuma cha wazi, chenye umbo ambalo kila upande huonekana na huoshwa. Bora zaidi ni chuma kilichochovywa kwenye zinki ya kuyeyuka, kwa joto la kama nyuzi 450 za Selsiasi. Zinki hushikamana na chuma, na hata ikikwaruzwa huendelea kulika yenyewe kwanza, chuma kilicho jirani kikabaki salama. Uchomeleaji wote ukamilike kabla ya kuchovya, maana mahali palipochomelewa baadaye hapana tena zinki.

Diani na Shimoni kuna trela za mashua, na zipo zinazouzwa kwa bei ya kuvutia. Nyingi zimewahi kushushwa baharini na beringi zake zimekunywa maji ya chumvi. Tena umbo lake ni la kubeba mkuku wa mashua katikati, huku gari likihitaji kubebwa kwa magurudumu manne pembeni. Kuigeuza kunagharimu karibu sawa na kujenga mpya.

Kwa sheria ya Kenya trela ni chombo kinachosajiliwa peke yake, chenye bamba lake la namba linaloanza na herufi Z. Anayenunua asipewe trela bila logi-buku yake, na taa za nyuma zijaribiwe zikiwa zimeunganishwa na gari litakalovuta. Anayehamisha gari mara moja kwa mwaka hana sababu ya kununua. Akodi lori la bregdauni lenye sakafu ya kuinamia, aulizie kwanza urefu wa sakafu, amalize kazi. Trela yake mwenyewe humfaa mwenye magari kadhaa, au anayepeleka gari kwenye maonyesho kama yale ya Concours d'Elegance ya Nairobi, yaliyoanza mwaka 1970, ambako majaji huangalia hata chini ya gari.

Na trela ya namna hiyo hukaa imesimama kwa muda mrefu kuliko inavyotembea. Raba zake hufa kwa umri zikiwa na meno yote. Ubavuni mwa kila raba kuna tarakimu nne za tarehe: 2319 humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019. Raba iliyopita miaka sita au saba, kwenye jua la Kwale, ibadilishwe bila kutazama meno. Trela iegeshwe kivulini, ekseli zikiwa juu ya mawe ili raba zisibebe uzito, na breki ya mkono ikiwa imeachiwa ili viatu visigandie kwenye dramu. Ikirudi kutoka feri ioshwe kwa maji ya bomba, si ya kisima chenye chumvi. Kabla ya safari inayofuata, izungushwe kilomita chache ikiwa tupu, kisha mkono uwekwe kwenye kila kitovu cha gurudumu: kile kilicho moto kuliko vingine kina beringi inayohitaji kufunguliwa.